Edmond Thieffry: Rubani aliyefika Congo kwa injini tatu, akafia huko kwa injini moja

Tarehe 11 Aprili 1929, ndege ndogo ya chuma ilianguka mashariki mwa Congo, si mbali na Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mbelgiji wa miaka 36, mwanasheria kwa taaluma, ambaye miaka minne kabla ya siku hiyo alikuwa ameongoza safari ya kwanza ya ndege kutoka Brussels hadi Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo.

Jina lake ni Edmond Thieffry. Brussels ina kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilo, na maelfu ya watu hupita hapo kila siku. Upande huu wa Congo, ambako maisha yake yaliishia, ni wachache wanaomkumbuka.

Hata hivyo, swali lililomfuata maisha yake yote ni swali ambalo mtu wa Salamabila, Kasongo au Kabambare analielewa bila kufundishwa. Mwendesha pikipiki anayepita njia za Maniema ya kusini na gunia la unga nyuma yake hachagui injini kwa sababu ya mbio zake. Kwanza anauliza vipuri vyake vinapatikana wapi, na ikizimika katikati ya msitu nani ataiwasha. Thieffry aliuliza hivyohivyo kuhusu ndege, na majibu aliyoyapata yalibadilika mara nne.

Mwanasheria aliyevunja ndege

Thieffry alizaliwa Etterbeek, mtaa wa Brussels, tarehe 28 Septemba 1892. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Leuven na angeweza kuishi maisha yake yote kwenye mahakama na makabrasha. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914 alikuwa jeshini, chini ya Jenerali Leman aliyelinda ngome za Liège. Wajerumani walimkamata. Akatoroka kwa pikipiki kuukuu mpaka Uholanzi, nchi ambayo haikuwa upande wowote vitani na iliyokuwa na haki ya kumzuia. Huko alitumia elimu yake ya sheria na Kiholanzi chake kizuri kujitetea mbele ya walinzi, akafanikiwa kurudi kwa wenzake Antwerp.

Mwaka 1915 alihamia kikosi cha anga. Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Akiwa mafunzoni aliharibu ndege kadhaa, kiasi kwamba hapakuwa na mtu aliyetamani kukaa nyuma yake kama mwangalizi. Wakubwa wake wakaona afadhali apewe ndege ya kiti kimoja, ili akianguka aanguke peke yake.

Uamuzi huo ndio uliomfanya awe maarufu. Tarehe 15 Machi 1917 alipata ushindi wake wa kwanza angani. Julai 3 mwaka huohuo aliangusha ndege mbili za adui kwa siku moja, jambo ambalo hakuna rubani wa Ubelgiji aliyekuwa amelifanya kabla yake. Kufikia mwisho wa vita alihesabiwa ushindi 10, na kati ya marubani wa kivita wa nchi yake aliwekwa nafasi ya tatu, nyuma ya Willy Coppens na André de Meulemeester.

Injini inayozunguka yote

Ndege iliyompa sifa hizo ilikuwa Nieuport, chombo chepesi cha mbao na kitambaa kilichotengenezwa Ufaransa. Injini yake iliitwa Le Rhône, na namna ilivyofanya kazi humshangaza fundi yeyote wa leo.

Katika injini ya gari au ya pikipiki, silinda zimesimama na mhimili uliomo ndani ndio unaozunguka. Le Rhône ilikuwa kinyume chake. Mhimili ulifungwa kwa nguvu kwenye mwili wa ndege, haukusogea hata kidogo. Kilichozunguka ni injini yenyewe: silinda tisa zilizopangwa kama miali ya jua, pamoja na propela iliyofungwa mbele yake, mizunguko 1,200 hivi kila dakika.

Kwa nini mtu atengeneze kitu cha namna hiyo? Kwa sababu ya uzito. Injini za mwanzo zilikuwa na nguvu ndogo mno kwa kilo zake. Injini ya kupozwa kwa maji ilihitaji rejeta, mabomba na maji yenyewe, na vyote hivyo vilipaswa kubebwa angani. Silinda zinazozunguka hujipepea zenyewe, hata ndege ikiwa imesimama chini. Tena uzito wake unaozunguka huifanya injini itulie, isitikisike. Kwa nguvu za farasi 80, na baadaye 110, ndege ndogo iliweza kupanda haraka na kugeuka kama mbayuwayu.

Lakini kila faida ilikuwa na gharama yake. Mafuta ya kulainishia yalikuwa ya mbarika, yaleyale ambayo watoto wengi wa Afrika wamenyweshwa ili kusafisha tumbo, kwa kuwa hayachanganyiki kirahisi na petroli. Injini haikuyarudisha kwenye tangi. Ilitumia kidogo na kuyarusha nje yaliyobaki, yakimwagika juu ya ndege na kumrukia rubani usoni. Marubani walirudi kutoka vitani wakinuka mbarika, na matumbo yao yalijua.

Gharama kubwa zaidi ilikuwa ya kugeuka. Chuma kizito kinachozunguka kwa kasi mbele ya ndege hufanya kama pia ya mtoto: hakipendi kusukumwa upande. Ndege iligeuka upesi kuelekea upande mmoja na kwa ukaidi kuelekea wa pili, na pua yake ilipanda au kushuka bila kuamriwa. Rubani mzoefu aliitumia tabia hiyo kumkwepa adui. Mwanafunzi iliweza kumuua.

Isitoshe, injini hiyo haikuwa na mahali pa kukulia. Ukitaka nguvu zaidi ni lazima izunguke haraka zaidi, na ikizunguka haraka zaidi sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapotea katika kupambana na upepo inaouzalisha yenyewe.

Thieffry aliyaona mabadiliko hayo akiwa kazini. Kikosi chake kilipoletewa SPAD VII, alihama kutoka injini inayozunguka hadi Hispano-Suiza, yenye silinda nane zilizosimama, ikipozwa kwa maji na kuanzia na nguvu za farasi 150. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 200, lakini iliipa ndege mbio na uwezo wa kupiga mbizi kwa kasi bila kuvunjika. Risasi moja kwenye rejeta, hata hivyo, ilitosha kumaliza safari. Tarehe 23 Februari 1918 aliangushwa, akashikwa mateka kwa mara ya pili. Alijaribu tena kutoroka, safari hii bila mafanikio, na aliachiwa vita vilipokwisha.

Jina la injini inayozunguka halikufa kabisa, ingawa leo linamaanisha kitu kingine. Injini yenye jina la Mjerumani Felix Wankel ni ile ambayo nje yake imetulia na ndani yake huzunguka kipande cha pembe tatu badala ya pistoni. Kampuni ya Mazda iliitia kwenye magari. Watu wanaojijengea ndege nyumbani, hasa Marekani, wengine huichukua injini hiyo ya gari na kuifunga kwenye ndege kwa sababu ina vipande vichache vinavyosogea. Inahitaji rejeta na gia za kupunguza mizunguko kabla ya kufika kwenye propela, na majadiliano yao huishia palepale pa Thieffry: ikizimika, utatua wapi, na nani ana kipuri.

Siku 51

Baada ya vita Thieffry alirudi kwenye uwakili, lakini akili yake ilikuwa Congo. Koloni hilo lilikuwa kubwa mara themanini kuliko Ubelgiji. Meli kutoka Antwerp hadi Matadi ilichukua karibu majuma matatu, kisha kukawa na treni, kisha boti ya mtoni, na anayekwenda Maniema au Tanganyika aliongeza majuma mengine.

Ndege hazikuwa ngeni kabisa. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za majini kutoka Mtoa, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda kuishambulia bandari ya Kigoma iliyokuwa ya Wajerumani. Mwaka 1920 ulianzishwa usafiri wa ndege za majini kutoka Kinshasa kufuata Mto Congo, na baadaye ukafika Stanleyville, Kisangani ya leo. Ulisimama mwaka 1922. Ndege hizo zilikuwa na injini moja moja, na mto ndio uliokuwa kiwanja chao: injini ikikohoa, rubani anashuka majini.

Kati ya Brussels na Léopoldville hapakuwa na mto wa kushukia. Palikuwa na Sahara. Shirika la ndege la Sabena, lililoanzishwa Mei 1923, lilikubali safari ya majaribio, na ndege iliyochaguliwa ilikuwa Handley Page W8f iliyopewa jina la binti wa mfalme, Princesse Marie-José. Ilikuwa na mabawa mawili ya mbao na kitambaa, moja juu ya jingine, na injini tatu: Rolls-Royce Eagle ya nguvu za farasi 360 kwenye pua, na Siddeley Puma mbili za 240 kila moja kati ya mabawa. Zote tatu zilipozwa kwa maji.

Hoja ya injini tatu ilikuwa rahisi. Moja ikifa juu ya mchanga, mbili zilizobaki zinaweza kuishikilia ndege mpaka mahali pa kutua. Lakini hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Mwenye injini tatu ana nafasi mara tatu ya kukuta moja imeharibika asubuhi. Ana rejeta tatu za kujaza jangwani, ambako maji ni ya kunywa kwanza. Na katika vituo vya njiani hakuna karakana. Fundi ni yule aliyekuja naye.

Fundi huyo alikuwa Jef De Bruycker, na rubani mwenza alikuwa Léopold Roger. Waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka hadi Algeria, wakaikata Sahara, wakafuata Mto Niger mpaka Niamey, kisha Zinder, Ziwa Chad na Bangui. Tarehe 3 Aprili walitua Léopoldville.

Zilikuwa siku 51. Umbali ulikuwa kilomita 8,200 hivi, na saa walizokuwa angani zilifika 75 na dakika 25 tu. Kwa maneno mengine, waliruka kwa muda usiozidi siku tatu na saa chache. Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja: hali mbaya ya hewa, matengenezo, vipuri. Anayejua kukaa kando ya barabara ya Kasongo na lori lililovunjika ekseli ataielewa hesabu hiyo kuliko wahandisi wa Brussels.

Léopoldville iliwapokea kwa shangwe, na magazeti ya Ubelgiji yakawafanya mashujaa. Kilichoandikwa kwa uchache ni nani aliyekuwa chini. Viwanja vya ndege vya Congo ya wakati huo vilifyekwa na kusawazishwa kwa mikono ya Wacongo, ambao hawakuulizwa kama wanaitaka ndege na ambao tiketi yake haikukusudiwa wao.

Kuhama kwenda injini moja

Machi 1926 wanajeshi watatu wa Ubelgiji, Medaets, Verhaegen na Coppens, waliruka Brussels hadi Léopoldville kwa Breguet 19. Ilikuwa ndege yenye injini moja, ikatumia chini ya majuma mawili, kisha ikageuza na kurudi nyumbani. Haikuwa rahisi kubishana na matokeo hayo. Chombo chepesi chenye injini moja nzuri kilikuwa kimefanya kwa siku kumi na kitu kile ambacho jumba la injini tatu lilikifanya kwa siku 51.

Thieffry naye alitaka kurudi na kufanya haraka zaidi. Alijaribu mara mbili katika miaka iliyofuata, na mara zote mbili safari ilikatika kabla ya kufika.

Wakati huo Sabena ilikuwa imeanza kutumia ndege za injini tatu ndani ya Congo, kwenye mstari wa Boma, Léopoldville na Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo. Ulikuwa mstari mmoja mkuu, na pembeni yake zilibaki nchi nzima ambazo hazikuguswa: Maniema, Kivu, ukingo wa Tanganyika. Kwa njia hizo ndogo, zenye abiria wawili au watatu na mfuko wa barua, ndege kubwa ilikuwa hasara tupu. Ilihitaji kiwanja kirefu, mafuta mengi na mafundi wengi.

Hapo ndipo ilipoingia Aviméta 92. Ilikuwa ya Kifaransa, ya chuma badala ya mbao, na ya bawa moja lililokaa juu ya vichwa vya abiria. Chuma kilikuwa na maana katika nchi ya mvua na mchwa, ambako gundi ya ndege za mbao huachia na kitambaa huoza. Injini ilikuwa moja. Fundi mmoja angeweza kuihudumia, na kipuri kimoja cha akiba kingetosha mahali ambapo awali vilihitajika vitatu.

Mwanzoni mwa mwaka 1929 Thieffry alikuwa Congo akichunguza jinsi ya kuanzisha usafiri wa ndani kwa ndege za namna hiyo. Alikuwa na Philippe Quersin, aliyewahi kuwa naye katika majaribio yake ya kurudi Congo, pamoja na Gaston Julien.

Aprili ni mwezi wa mvua upande wa Tanganyika. Mawingu hujengeka mchana juu ya milima ya magharibi ya ziwa, yakashuka kwa radi na upepo ambao wavuvi huukimbia hata kwa boti kubwa. Siku ya tarehe 11 ndege ilikutwa na dhoruba ikaanguka. Thieffry na Julien walikufa. Quersin alipona.

Ni rahisi kusema kwamba injini tatu zingemwokoa. Pengine hapana. Dhoruba ya kitropiki haihesabu injini, na mwaka 1929 rubani hakuwa na rada, wala redio ya kumwambia hali ya hewa ya mbele, wala ramani ya kutegemewa ya milima iliyo chini yake. Injini moja humnyima rubani nafasi ya kukosea mara moja zaidi, na hilo Thieffry alilijua vizuri: alikuwa ameruka juu ya Flanders akiwa na injini moja kwa karibu miaka miwili, na mara ya mwisho alirudi chini kwa kuangushwa. Alilipima na kuamua kwamba Congo ya vijiji na migodi haitafikiwa na ndege kubwa. Katika hilo hakukosea. Hadi leo, sehemu kubwa ya mashariki mwa nchi hufikiwa na ndege ndogo zinazotua kwenye vipande vya udongo, na wanaozipanda huangalia mawingu kabla ya kuangalia saa.

Safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Congo zilianza miaka sita baada ya kifo chake. Tarehe 23 Februari 1935, miaka 17 kamili tangu siku alipoangushwa vitani, marubani Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt waliondoka Brussels na Fokker ya Sabena, wakafika Léopoldville baada ya siku tano na nusu. Ndege hiyo ilikuwa na injini tatu. Silinda zake zilipangwa kama miali ya jua na kupozwa kwa hewa tupu, bila rejeta, kama zile za Nieuport, ila safari hii zilikaa mahali pake na mhimili ndio uliozunguka. Ubavuni iliandikwa jina lake: Edmond Thieffry.